Boti ya rimoti inayoyumba haihitaji farumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ushauri uliochapishwa Jumamosi iliyopita katika ukurasa wa vijana. Msomaji mmoja alilalamika kwamba boti yake ndogo ya umeme, inayoendeshwa kwa rimoti, huyumba na kupinduka kila ikishika kasi, naye akajibiwa kwamba afunge vipande vya madini ya risasi omoni, yaani sehemu ya mbele ya boti, ili itulie majini. Nilifanya kazi ya ufundi wa injini za boti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Mwanza, na kwa miaka mitatu sasa mimi na mjukuu wangu tumekuwa tukihangaika na boti ya aina hiyo hiyo. Kwa heshima zote kwa aliyetoa ushauri ule, naona utamfanya kijana yule atumie fedha zake kuharibu boti ambayo pengine haina kasoro yoyote, isipokuwa betri imekaa mahali pasipo pake.

Kosa lenyewe linaeleweka. Nilizaliwa Tanga, na huko hata mtoto anayechonga kidau cha kuchezea anajua kwamba chombo kikiwa chepesi mno hulala upepo ukikipiga, na dawa yake ni farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo ili kitulie. Lakini jahazi huenda likiwa limezama kiasi chake majini, na uzito uliowekwa chini hulivuta lisimame wima. Boti ya mbio ikishachanganya huinuka na kuteleza juu ya maji, na kinachobaki kugusa maji ni kipande kidogo tu cha tumbo karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Hapo boti inabebwa na nguvu ya maji yanayopiga kipande hicho, kwa hiyo jambo la kuuliza ni uzito wake umeegemea wapi, wala si uzito huo ni mkubwa kiasi gani. Ukiijaza risasi mbele, omo huchoma maji, na wakati wa kukata kona hugeuka kuwa usukani wa pili: tezi hufyatuka nje na boti hujizungusha kama pia. Juu ya hayo, mota hubeba mzigo usio wake, hula umeme mwingi na kupata moto.

Boti yetu ina urefu wa sentimita 70, tumbo lake ni la umbo la V, na mota yake huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti moja. Tulipoinunua ilitumia betri ya seli 3, yaani volti 11.1, na tangu siku ya kwanza ikawa inayumba kwa zamu, ubavu wa kushoto kisha wa kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi mjukuu wangu akasema, "Babu, hii inacheza bugobogobo." Muuzaji tuliyemrudia alisema tatizo ni udhaifu wa betri, akatuuzia ya seli 4. Hesabu ni rahisi: kwa volti 11.1 mota ile isiyo na mzigo huzunguka mara 22,200 kwa dakika, na kwa volti 14.8 huzunguka mara 29,600. Tulichonunua kwa kweli ni theluthi moja ya kasi juu ya chombo ambacho tayari kilikuwa kimetushinda. Siku hiyo hiyo omo liliinuka, upepo ukaingia chini, boti ikapaa na kuanguka chali.

Jambo hilo halizipati boti za kuchezea peke yake. Tarehe 4 Januari 1967, katika ziwa Coniston Water nchini Uingereza, Donald Campbell alikuwa akitafuta rekodi mpya ya kasi majini kwa chombo chake Bluebird, akiwa amevuka kilomita 480 kwa saa, omo lilipoinuka, chombo kikapinduka nyuma na yeye akafariki. Omo zito mno ni balaa, na omo jepesi mno ni balaa. Kati ya hayo mawili kuna sentimita chache tu za kutafutwa, nazo hutafutwa kwa rula.

Kinachotakiwa ni kujua kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo boti husawazika mbele na nyuma. Boti ikiwa imekamilika, betri ndani na kifuniko kimefungwa, iinue kwa ncha za vidole viwili, kimoja kila ubavu, ukivisogeza mpaka boti isimame sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Weka alama ya kalamu hapo, kisha pima kutoka kwenye ubao wa tezi. Kwa boti yenye tumbo la V, alama hiyo huwa nzuri ikiangukia karibu asilimia 30 ya urefu wa boti. Yetu iliangukia kwenye sentimita 18, yaani chini kidogo ya asilimia 26. Betri ni takriban robo ya uzito wote, kwa hiyo kila sentimita 4 unazoisogeza, kitovu cha uzito husogea sentimita 1. Tuliisogeza mbele sentimita 10, tukapata 20 na nusu, na kule kuyumba kwa zamu kukapungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Hatukuongeza hata gramu moja.

Baada ya hapo ndipo inafaa kutazama shafti, yaani chuma kinachopeleka mzunguko wa mota kwenye propela. Mkono unaoishika shafti nyuma ya tezi hufungwa kwa skrubu, na pembe yake ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Upande wa propela ukishuka, msukumo huinua tezi na kulaza omo. Ukipanda, tezi huvutwa chini na omo huinuka. Anza na shafti iliyo sambamba na tumbo la boti, kisha badilisha kwa kiasi kidogo sana. Vibao viwili vidogo vilivyo tezini pia hufanya kazi ya aina hiyo, kwani kibao kikishushwa huinua upande wake. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, nami lilinichanganya licha ya miaka yote niliyokaa na injini. Propela ikizunguka kuelekea kulia, ukiitazama kutoka nyuma, boti yenyewe hujibu kwa kulalia kushoto. Mtu akiona boti imelala kushoto huamini kwamba upande wa kushoto ni mzito, akaanza kutafuta uzito usiokuwapo. Dawa ni kusogeza betri kidogo kulia, au kushusha kibao cha kushoto kwa nusu milimita hivi. Milimita 2 ni nyingi mno. Tulijaribu, na boti ikaanza kulalia upande wa pili.

Kabla ya kumaliza habari ya tumbo, nimshauri msomaji yule afanye jambo moja usiku akiwa nyumbani. Aipindue boti, aweke rula ya chuma juu ya tumbo kwa urefu, karibu na tezi, kisha awashe taa ya simu nyuma ya rula. Mwanga ukipenya katikati, tumbo limebonyea, na boti ya namna hiyo huelekeza omo chini. Rula ikicheza kama mizani na mwanga ukionekana mwishoni, tumbo limevimba, na boti hiyo itadunda juu ya maji kama pomboo hata ukiihamisha betri mara mia. Yetu ilikuwa imevimba chini ya milimita 1 upande wa kulia, kiasi ambacho jicho halikioni. Tulisugua kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mbao bapa, jioni mbili nzima, na tukaunoa ukingo wa tezi uliokuwa mviringo, kwa sababu maji hupenda kuambaa na ukingo wa mviringo na kuivuta tezi chini badala ya kuachana nayo. Kazi hii haina raha, na vumbi la faiba linawasha, kwa hiyo valia barakoa na uchovye msasa majini.

Usukani hauna maneno mengi: usimame wima, usilegee, na kwenye rimoti upunguzwe mwendo wake hadi nusu au zaidi kidogo, maana boti nyingi hupinduliwa na kidole cha mwendeshaji. Propela nayo isawazishwe uzito wa makali yake, kwa kuwa yenye upande mzito huitetemesha shafti nzima.

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila safari, na andika. Mjukuu wangu ana daftari la mistari ambamo kila ukurasa una mahali pa betri, pembe ya shafti, hali ya upepo na alichokiona. Bila daftari lile tungekuwa bado tunabishana. Tunakwenda kwenye ghuba ndogo saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaamka na kabla ya watu kuja kuoga na kuosha vyombo, kwani propela inayozunguka mara maelfu kwa dakika hukata nyama bila taabu. Ndani ya boti tumejaza sponji ngumu ili isizame, na ikikwama tunairushia mshipi wa kuvulia uliofungwa mpira wa tenisi. Hatuogelei kuifuata, maana kichocho cha ziwa hili hakina mzaha.

Nisidanganye kwamba boti yetu sasa haina lawama. Kona ya kulia inaikata kwa kasi, imetulia kana kwamba imefungwa kwenye reli, lakini ya kushoto bado inaruka ruka, kwa sababu pezi la kushikia maji lipo ubavu wa kulia peke yake na usukani nao umefungwa upande huo. Boti nyingi za mashindano huundwa hivyo, kwani huzunguka maboya kwa kulia. Mjukuu wangu anataka kufunga pezi la pili upande wa kushoto. Mimi nimemwambia kwanza apunguze kasi kwenye kona hiyo, aone, aandike, na Jumapili ijayo ndipo tutakapojua nani kati yetu ana haki.

Wako katika ufundi,
Fundi mstaafu wa injini za boti,
Mwanza.