Mjomba, ulikuwa unamcheka nani? (Barua ya wazi)

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na machungwa ya Muheza yamepata bei. Huku Unguja wageni wameanza kurudi, Wafaransa wengi, kwa hiyo koo langu halina mapumziko.

Nina jambo la kuungama. Ile filamu tuliyoangalia usiku wa Idi Pili, nilikwambia niliikuta tu kwenye kompyuta. Uongo. Niliitafuta wiki nzima. Jumapili ya kabla ya Idi nilikuwa jikoni na mkaza mjomba, tunachambua mchele, nikakusikia uani ukimwambia dereva wako kwamba machungwa hayajui Sabato, na kwamba asipoonekana Jumamosi nyingine aache ufunguo mezani aende zake. Ningekufuata pale pale niseme neno. Lakini wanijua: ukishaniambia "kunywa kahawa, mwanangu," maneno yote hunikimbia. Nikaona nikuwekee Mfaransa aseme badala yangu.

Jina lako silitaji hapa, wala mtaa. Anayekujua atakujua.

Filamu yenyewe inaitwa Les Aventures de Rabbi Jacob, ilitoka Ufaransa mwaka 1973. Ulimpenda tangu anatokea yule mfupi mwenye upara, Louis de Funès, aliyekuwa na miaka 59 lakini anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Humo anaitwa Victor Pivert, tajiri mwenye kiwanda, anakimbilia Paris kwenye harusi ya binti yake. Yuko kwenye Citroën nyeusi yenye mashua juu ya paa, anawatukana madereva wa mataifa mengine wote waliomtangulia barabarani. Kisha anaona harusi ya watu wengine inapita: bibi harusi mweupe, bwana harusi mweusi. Macho yanamtoka. Dereva wake, Salomon, anamtupia neno, na yeye anaruka juu: ati yeye mbaguzi? Yeye? Halafu hapo hapo, bila hata kupumua, anamshukuru Mungu kwamba binti yake anaolewa na Mfaransa mweupe wa kweli.

Hapo ulipiga kofi paja lako ukasema, "Lijamaa hili!" Mkaza mjomba alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Nadhani sote wawili tulikuwa tunamfikiria binti yako na yule kijana wa Tabora aliyetuma posa mwaka juzi, ukamrudisha na salamu kwamba watu wa bara hatuwajui ukoo wao. Nilinyamaza, nikaendelea kutafsiri.

Ugumu ukanijia katika maneno mawili tu. Salomon anamwambia tajiri wake kuwa yeye ni Myahudi. Pivert amefanya naye kazi muda wote huo na hajui. Anashtuka, anauliza, na mjomba wako anayetoka New York naye pia? Lakini si ukoo mzima? Ukoo mzima, bwana. Pivert anafikiri, anakunja uso, halafu anatoa fadhila: haidhuru, atambakiza kazini hivyo hivyo. Kwa Kifaransa ni quand même. Nilitafuta Kiswahili chake nikakwambia "hivyo hivyo", nikaona hakikutosha, nikaongeza "ingawa". Usiku nikiwa kitandani ndipo nikakipata, na nilikipata kwa sauti yako wewe: "Mtu wa bara, lakini mwaminifu." Ndivyo unavyomtambulisha dereva wako kwa kila mgeni. Kwa moyo mweupe kabisa, kama unavyomsifia mtoto aliyehitimu Juzuu Amma. Miaka sita neno hilo "lakini" linasafiri naye kutoka Muheza mpaka Dar es Salaam na kurudi.

Unakumbuka kilichofuata. Gari linaingia ziwani miguu juu na linaelea, maana limelala juu ya mashua yake. Ni Ijumaa, jua limezama, Sabato imeingia. Pivert anapiga kelele asaidiwe. Salomon anamwambia kwa utaratibu kwamba sasa hafanyi kazi hadi kesho jua litue. Anafukuzwa pale pale. Anaondoka zake kwa miguu, hana hata dalili ya mtu aliyefukuzwa.

Mjomba, hapo hukucheka. Mimi nilikuwa nakutazama kwa pembe ya jicho. Ulichukua kashata ukaitafuna taratibu.

Yaliyobaki ni mbio tupu na sitayarudia yote: kiwanda cha bigijii, watu wanatumbukia kwenye pipa la ujiuji wa kijani, yule kiongozi wa mapinduzi kutoka nchi ya Kiarabu isiyotajwa, Slimane, anayewindwa na majasusi, na Pivert anayejikuta mateka wake. Uwanja wa ndege wa Orly wanavaa nguo za marabi na ndevu, na familia iliyokuja kumpokea Rabi Jacob wa kweli, yule mjomba wa Salomon wa New York, inamkumbatia Pivert. Kuanzia hapo mtu aliyemfukuza dereva wake kwa sababu ya Sabato inabidi awe mwenye Sabato. Sehemu nyingine zimechakaa, nakiri. Majasusi wa Kiarabu wamechorwa kama vikaragosi, mkuu wao kaigizwa na Mwitaliano, na wanawake humo kazi yao ni kupiga mayowe. Ingetengenezwa leo, wangekaa chini waanze upya.

Lakini ile dansi! Mtaa wa rue des Rosiers, mtaa wa Wayahudi katikati ya Paris (uliouona ni wa kuigiza, waliujengea kitongojini Saint-Denis), watu wametoka nje, muziki wa Vladimir Cosma umeanza, na rabi wa uongo anavutwa uwanjani. Nimerudia kipande hicho mara tatu tangu nifike huku. Mwanzo anacheza kwa mabega tu, kama mtu aliyevalishwa koti la mwingine, na kweli ni la mwingine. Anaibia hatua kwa jicho, anachelewa nusu pigo. Kisha miguu inaingia. Kofia inatikisika, zile nywele za pembeni zinaruka, na uso ule wa mpira unatulia. Nadhani ndipo anapobadilika, na hakuna aliyemhutubia. Wewe ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kikoi, na mguu wako mbovu ulikuwa unapiga sakafu. Nilikuona.

Mwanzoni uliniuliza, "Ya Mayahudi hiyo?" nikakujibu kwa mkato kuwa ya Wafaransa. Ulistahili jibu zuri kuliko lile. Aliyeitengeneza, Gérard Oury, alikuwa Mfaransa na Myahudi, mmoja wa waliolazimika kuikimbia nchi yao wakati wa Vita vya Pili kwa sababu ya sheria za kuwabagua. Yule mzee aliyecheza Rabi Jacob wa kweli ni Marcel Dalio. Wakati wa vita, picha ya uso wake ilibandikwa kwenye mabango kuwaonyesha watu sura ya Myahudi ilivyo, ili wajue wa kumchukia. Julai 1942 polisi wa Ufaransa wenyewe, si Wajerumani, waliwakamata Wayahudi zaidi ya 12,000 wa Paris na vitongoji vyake kwa siku mbili. Miaka 31 baadaye uso ule ule wa mabango ukarudi ukiwa na kofia ya manyoya, na Wafaransa wakakata tiketi zaidi ya milioni 7 kwenda kuuona.

Na ilitoka siku mbaya. Tarehe 6 Oktoba 1973 vita vya Waarabu na Israeli vilizuka, filamu ikaanza kuonyeshwa tarehe 18, vita bado vinapigwa. Siku hiyo hiyo mwanamke mmoja, mke wa mtu aliyekuwa akiitangaza filamu hiyo, aliteka ndege ya Air France iliyokuwa ikienda Nice, akidai filamu izuiwe. Ilitua Marignane, karibu na Marseille, na polisi wakampiga risasi, akafa. Sijui kama nilipaswa kukueleza hayo usiku ule, katikati ya kicheko. Nilishindwa.

Msimamo wako juu ya Palestina siugusi, Mjomba. Ile ni habari ya ardhi na damu na haki, na humo mimi na wewe hatupishani sana. Mimi naongea habari ya dereva.

De Funès mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani, na baadaye alikuja kusema kazi ile ilimsafisha roho. Namwamini. Pivert ndiye simwamini sana. Anabadilika kwa siku mbili, na siku mbili hizo zote ni za kukimbia roho yake. Anafika ndani ya sinagogi hana pa kujificha, na anayemwokoa ni nani? Salomon. Aliyefukuzwa ndiye anamsitiri aliyemfukuza. Halafu Pivert anawashikisha mikono Mwarabu na Myahudi, Slimane na Salomon, anawauliza kama wao si ndugu wa mbali. Hapo ndipo uliposema kwa sauti, "Si jina moja hilo! Suleimani!" ukafurahi kama umefumbua kitendawili.

Ni kweli, jina moja. Salomon, Slimane, Suleimani, Solomoni. Na wewe ndiyo maana, ulivyonieleza siku nyingi, dereva wako unamwita Selemani. Alikuja na cheti kimeandikwa Solomoni, Mjita wa Musoma, Msabato, ukaona hilo la kwenu linateleza vizuri zaidi mdomoni. Mtaa mzima unamwita Selemani. Na mimi namwita hivyo, kwa sababu nilikuta anaitwa hivyo, na sikuwahi kuuliza.

Asubuhi yake ulimwambia anipeleke stendi ya Kange. Usiku kucha alikuwa barazani, anasubiri kuwarudisha wageni, kwa hiyo kicheko chetu alikisikia chote. Tulipopita kwenye kona ya soko akaniuliza, "Dada, jana mlikuwa mnacheka nini kiasi kile?"

Nikamsimulia. Fuso inanguruma, mimi napandisha sauti. Nilipofika kwenye dansi nilicheza kwa mabega kwenye kiti, akatabasamu kwa adabu tu. Nilipofika ziwani, pale jua linapozama na dereva anakataa, alipunguza mwendo.

"Akafukuzwa?"

"Akafukuzwa."

"Mh." Akabadilisha gia. Tulikwenda kimya mpaka tukaanza kuyaona mabasi. Akaegesha, akashusha begi langu mwenyewe, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Yule dereva," akasema, "jina lake ulisema nani?"

"Salomon."

"Na tajiri wake alikuwa anamwitaje?"

Nikafikiri kidogo. "Salomon."

Hapo ndipo akacheka, Mjomba. Akacheka mpaka kondakta wa basi akageuka kutazama.