Kwa akina mama wa shanga wa Longido, kabla hamjatia dole gumba

Binti zangu,

Takwenya. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba ukame haukuwamaliza ndama. Nimesikia mnajiandaa kuomba ruzuku kwa wafadhili wanaosaidia biashara za wanawake wa jamii za asili, na kwamba mmeshampata kijana wa mjini atakayewaandikia andiko kwa makubaliano ya kupewa fungu lake fedha zitakapoingia. Kwa kuwa nimekula chumvi nyingi, na moto huo uliwahi kuniunguza, naomba mnisikilize kabla hamjatia dole gumba kwenye karatasi yake.

Ruzuku yenyewe sina neno nayo. Mwanamke wa Kimasai akienda benki huulizwa dhamana, na ng'ombe anaowakamua kila alfajiri, ambao maziwa yao huyagawa kwa mamlaka yake mwenyewe bila kuulizwa na mtu, kwa desturi ni wa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, lakini kutoka kwenye sheria hadi kwenye hati ni mwendo mrefu, na wengi wetu tungali njiani. Kwa hiyo fedha isiyodai dhamana wala kurudishwa si jambo dogo kwetu. Watatokea wa kuwaambia kwamba Tanzania haina jamii za asili kwa sababu sote ni wenyeji, na huo ndio msimamo wa Serikali, ingawa tarehe 13 Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Msipoteze mchana kubishana nao, jazeni fomu.

Ninachokihofia ni swali lililo kwenye fomu hiyo, la nani mmiliki wa biashara, ambalo huwa tunalijibu upesi mno. Miaka mingi iliyopita kikundi chetu cha wanawake kumi na wanane kilipata fedha. Aliyetuandikia alikuwa jamaa yetu, mtu mpole, anayejua Kiingereza, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia benki, tuliona ni busara naye awe mtia saini. Tulipigwa picha tukiwa tumevaa kila ushanga tulio nao, tukapewa semina ya siku mbili na soda, kisha zikaletwa cherehani mbili ambazo hatukuziomba na ambazo hazitungi shanga. Zilizobaki ziliitwa fedha za uratibu. Sisemi aliiba, maana kila shilingi ilikuwa na risiti yake. Lakini andiko lilikuwa lake, akaunti ilikuwa yake, na sisi tulikuwamo kwa ajili ya picha. Cherehani moja hadi leo naitumia kama meza.

Basi jikagueni. Watia saini wenu watatu ni akina nani, na je, wote ni wanachama wanaotunga shanga? Ile laini ya simu ambayo wateja huwatumia malipo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Nimeambiwa ni cha mtoto wa kiume wa mwekahazina, kwa sababu mama hajapata namba ya NIDA. Kijana huyo simjui kwa ubaya wowote, ila kwa mujibu wa karatasi fedha hiyo ni yake, na siku akigombana na mama yake mtajua mlichokuwa mkimiliki.

Lipo na jambo la hesabu. Mwezi uliopita mmoja wenu alinionyesha mkufu mpana wa shingoni, kazi safi, nyekundu na buluu zimepangwa hata jicho halichoki. Tuliketi tukahesabu kwa punje za mahindi, kwani simu yake ilikuwa imezima. Shanga za Kicheki zilimgharimu shilingi 11,000, waya 2,000, na sehemu yake ya nauli ya kwenda Arusha kuzinunua ilikuwa 3,000. Vipande vya plastiki alivikata kwenye ndoo kuukuu, hatukuvihesabu. Alifanya kazi siku nne, akamwuzia dalali wa Namanga kwa 18,000. Punje mbili zilibaki kiganjani, akaziangalia kwa muda, kisha akamrushia kuku. Biashara ya namna hiyo mkiipatia ruzuku ya kununua shanga zaidi, mtakuwa mmenunua uchovu zaidi. Afadhali andiko liombe fedha za kununua shanga kwa jumla, kwa safari moja ya kikundi kizima, na za kuwafikia wanunuzi bila kupitia kwa dalali.

Msichanganye ruzuku na ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini hurudishwa, na wanaoula kama sadaka ni miongoni mwa sababu zilizofanya usitishwe mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata.

Wafadhili wa nje nao wanatofautiana. Jukwaa la kimataifa la wanawake wa jamii za asili liitwalo FIMI, lililoundwa mwaka 2000, lina mfuko wake unaoitwa Ayni, neno la Kikechua la huko milima ya Andes lenye maana ya kusaidiana kwa zamu, na mtu aliyecheza upatu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Wengine fedha zao hutoka kwa serikali za mbali. Mliona mwaka 2025 jinsi Marekani ilivyositisha misaada yake na ofisi zikafungwa kabla mwezi haujaandama. Mwombeni yeyote, ila mishahara na kodi ya chumba visitegemee jibu lake.

Jumamosi nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Njooni na daftari la mapato na matumizi, hata kama lina kurasa tatu tu, na katiba ya kikundi, na huyo kijana wa andiko aje asome kila mstari kwa sauti, kwa Kiswahili, nanyi mtamsimamisha popote msipoelewa. Mwekahazina aje mapema kidogo, na laini ile.

Bibi yenu