Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Magari, Matuta na Lango la Pili

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema kituo cha michezo kikifunguliwa, mtaa wetu umekwisha. Haukwisha. Ila umebadilika, na kwa kuwa vikao vyetu vingi vilihusu magari, taarifa hii nayo itahusu magari.

Nianze na kosa, ambalo ni langu kabla halijawa la kamati. Miezi ya mwanzo tuliimaliza tukipinga kituo chenyewe. Kibali kimeshatoka, kuta zimeshapanda, sisi bado tunaandika barua za kupinga! Huo ndio wakati tuliopaswa kuuliza lango litatazama wapi, maegesho yatabeba magari mangapi, na siku ya mechi ikigongana na mashindano ya kuogelea itakuwaje. Tulipokuja kuisoma tathmini ya usafiri ya mradi, tukakuta magari yalihesabiwa siku za kazi tu. Jumamosi, siku ambayo watu ndio hutoka kwenda kucheza, haikuguswa.

Tukaamua kuhesabu wenyewe. Mimi na katibu tulikaa kwenye kona na viti viwili vya plastiki na daftari, kila gari kijistari kimoja, cha tano kinakatiza vinne. Gari moja jekundu lilitupita mara tatu. Kiti cha nyuma kulikuwa na mtoto aliyekwishavaa maboya yake mikononi, uso kaubandika kwenye kioo, na mara ya tatu akatupungia mkono. Dereva hakupunga.

Gari lile lilitufundisha kuliko barua zetu zote. Sehemu kubwa ya tulichokuwa tunakiita msongamano ni watu wanaozunguka kutafuta pa kuegesha. Gari moja linaonekana matatu. Kituo kilikuwa na nafasi upande wa nyuma, lakini kibao chake kilikaa baada ya kona, mahali ambapo dereva hukiona akiwa ameshaingia kwetu. Baada ya mazungumzo marefu na uongozi wa kituo (ambao, niseme ukweli, ulikuwa msikivu kuliko nilivyowasema hapa mwaka jana), kibao kimehamishiwa barabara kuu na lango la nyuma linafunguliwa mwishoni mwa wiki. Kazi ya siku moja, na ndiyo iliyotupa nafuu kubwa kuliko zote.

Mwendo kasi ni jambo jingine. Unakuja jioni, watu wakiondoka, simu zao zikiwaonyesha kwamba njia yetu inakata dakika mbili. Tumeomba kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Wapo waliouliza kwa nini isiwe 50 kama kwingine. Gari la kilomita 50 linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. La 30, mita 8 na kidogo. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka, hizo mita zimeshapita kabla mguu haujagusa breki, na breki zenyewe kwa 50 zinahitaji umbali unaokaribia mara tatu ya ule wa 30. Hatujabuni kitu kipya: Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la kimataifa kuhusu usalama barabarani, linataka kikomo hichohicho pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Brussels na Paris ziliufuata mkondo huo mwaka 2021.

Kibao pekee hakimpunguzi mtu mwendo, kwa hiyo tukadai matuta. Hapo pia tuliteleza. La kwanza liliwekwa chini ya dirisha la chumba cha kulala cha mwanachama mwenzetu, na usiku kucha magari yalikuwa yanafunga breki, yanadunda, yanakanyaga mafuta. Namwomba radhi tena mbele ya mkutano. Tuta hilo limeondolewa. Sasa tumeomba matuta mafupi yenye nafasi kati yake, ambayo gari la zimamoto, kwa upana wa magurudumu yake, hupita bila kudunda, huku gari dogo likilazimika kupunguza mwendo. Mhandisi ameahidi jibu kwa maandishi. Bado tunalisubiri.

Pendekezo la kufunga barabara yetu kwa vizuizi kamati ililikataa. Najua limewaudhi baadhi yenu. Lakini magari hayo hayatayeyuka, yatahamia mtaa wa pili, na wale ni majirani ambao kesho tutawahitaji watie saini pamoja nasi.

Kuna neno moja ambalo halitanipa kura. Kwenye kona ya kivuko cha watoto tuliomba mita 10 kila upande zisiegeshwe, ili mtoto aonekane kabla hajakanyaga lami. Rangi imepigwa. Magari manne niliyoyakuta juu ya rangi hiyo wiki iliyopita yote ni ya humu ndani. Wenyewe mnajijua.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kabla hajasimama, naomba watu wawili wa kuhesabu magari Jumamosi ijayo, tuone kama lango la nyuma bado linasaidia wakati huu ambapo mashindano yameanza. Viti vipo. Daftari ni lilelile.