Harambee ya Redio za Tahadhari, Jumapili 11 Desemba 2022

Wapendwa katika Kristo, Bwana asifiwe.

Jumapili hiyo mwaka unatimia tangu tonado, upepo mkali unaozunguka kama pia, ipite hapa Bowling Green, jimboni Kentucky, Marekani. Ilikuja saa saba usiku imeshapita, watu wamelala, na upepo wa kilomita zaidi ya 260 kwa saa. Walikufa watu 17, wakiwemo watoto wadogo. Saa chache kabla, nyingine ilikuwa imeubomoa mji wa Mayfield na kuangusha kiwanda cha mishumaa, wafanyakazi wa zamu ya usiku wakiwa ndani. Tonado hiyo peke yake iliua watu 57. Wengi wetu tunaingia zamu kama hizo kila siku.

Sisi tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tunaijua mvua inayong'oa hema. Hili hatukulijua, tena mwezi wa Desemba! Mchana ule watoto walicheza nje bila makoti, tukafurahia jua. Kumbe joto lile ndilo lililoilisha dhoruba: hewa yenye unyevu ilipanda kutoka Ghuba ya Meksiko, baridi ikaisukuma kutoka magharibi, na kwa kuwa upepo wa juu ulikuwa mkali na wa mwelekeo tofauti na wa chini, mawingu yakaanza kuzunguka.

Mama mmoja wa kwaya yetu, simu yake ililia usiku ule mlio asioujua. Akaona Kiingereza, akadhani kazini wanamwita, akaizima. Aliamshwa na dirisha lililopasuka. Vioo vilikuwa vimejaa kwenye blanketi la mtoto. Akawasukuma wote wanne bafuni, akawalalia. Wako hai, Mungu ni mwema. Lakini tahadhari ilikuwa mkononi mwake, na hakuweza kuisoma.

Ndiyo maana tunaomba. Redio moja ya tahadhari ni kama dola 30. Inalia yenyewe tahadhari ya dhoruba ikitolewa, na ina betri, hivyo inalia hata umeme ukikatika. Tunataka kila nyumba ya ushirika wetu iwe nayo kabla ya masika, na kila mtaa uwe na kijana wa kupiga simu kwa Kiswahili na Kirundi: amkeni, shukeni chini, ingieni chumba kisicho na dirisha. Kitakachozidi kitawasaidia wanaolipa bado madeni ya vitanda na magodoro.

Tutaanza mara baada ya ibada. Mliohamia miji mingine, tumeni kwa mweka hazina. Kina mama watapika. Njoni na watoto, redio ya kwanza tutaiwasha ili wausikie mlio wake.