Boya usilivue mpaka ukanyage mchanga

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu, baba yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mdogo wako kifua kinambana tangu mvua zianze. Kijana aliyekuletea barua hii ana mfuko wako pia. Mna michembe ya viazi, karanga na boya jipya la kuvaa. Michembe gawana na wenzako. Boya usimwazime mtu.

Habari kwamba umeshapata chombo cha kuvua dagaa huko kisiwani Goziba nimezipata mwaloni, kwa wanunuzi wa samaki, nikiwa na ndoo mkononi. Ningependa kuzisikia kwako. Sikukatazi. Una cheti cha uvuvi, na babu yako alikionyesha kwa kila aliyepita kibandani kwake, hata kwa wasiojua kusoma kama yeye. Ila ziwa halikuombi cheti usiku wa manane. Boya livae.

Mwezi ujao babu yako anatimiza mwaka tangu afariki. Yenu ninyi wawili unayajua kuliko mimi, siyarudii. Lakini msibani watu walisimama wakamwita mvuvi, nami sikuwasahihisha. Babu yako hakuwa mvuvi, alikuwa fundi. Ubao aliupima kwa shubiri, nyufa akaziziba kwa pamba, kisha akaujaza mtumbwi maji na kukaa pembeni mchana kutwa akitazama panapovuja. Akimaliza alichonga chale moja upande wa nje, chini kidogo ya ukingo. Maji yakifika kwenye chale, aliyebaki nchi kavu abaki huko huko.

Wanunuzi wa mitumbwi waliipaka rangi ile chale isionekane. Mmoja aliipiga randa mbele ya macho yake. Baba akamrudishia hela zote, mtumbwi ukabaki pale mwaka mzima, na mimi nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nilimnunia sana. Hata wewe nimekulea ukinisikia nikisema babu yako alikuwa mkaidi.

MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, hujazaliwa. Yeye alikuwa amekuja mjini kununua misumari. Akaenda Igoma kwenye makaburi, akasimama na watu asiowajua, kisha akarudi Ukerewe bila misumari. Ya MV Nyerere, Septemba 2018, ulikuwa na akili zako, ulimwona alivyokaa. Watu zaidi ya 200, pale pale Ukara. Alichokisema mara zote mbili ni kimoja: zimezama zimeshaiona gati. Ile ya kwanza ilikuwa imebakiza mwendo mfupi tu kuingia Mwanza, ya pili abiria walishaanza kujiandaa kushuka. Mtu akishaona nyumba, alisema, anaacha kuogopa.

Basi hilo ndilo ninalokuandikia. Najua kwenda boya utalivaa, kwa kuwa giza linatisha. Wasiwasi wangu ni alfajiri, dagaa wamejaa, mmechoka, mnaona moshi wa kisiwani, nawe unalivua ulifanye mto. Usilivue. Joto likizidi, livae. Wenzako wakicheka, livae. Na kabla ya kupanda, tazama ubavuni. Kama hakuna chale, weka yako, hata ya mkaa.

Lile boya la zamani alilokununulia babu yako usiniulize. Benchi la mwaloni gumu, boya nililikalia miaka mitatu, jua likala kamba zake.

Siku waliyonipigia simu kwamba babu yako amezidiwa, meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, ilikuwepo. Ziwa lilikuwa limechafuka, au mimi ndiye niliyeliona limechafuka. Nikapanda basi la Bunda, nikazunguka mpaka Kisorya, na pale napo ni kivuko, maji ni yale yale, sijui nilikuwa namkimbia nani. Nilifika turubai limeshafungwa uani. Wajomba zako hawajanisema. Ila wakipanga jambo lolote siku hizi wananiuliza kwanza kama nitafika.

Nitafika. Safari hii napanda meli.

Kaburi linajengewa. Mjomba wako mkubwa anataka vigae, mimi naona saruji inatosha, na yeye mwenyewe mchango hajatoa. Fundi kauliza aandike nini, wakataka "Mvuvi hodari". Nimewaambia aandike "Fundi" na jina, basi. Jina ni lako vilevile, kwa hiyo njoo ulione likiandikwa. Nimehesabu: itakuwa siku za mbalamwezi, hamwingii ziwani, huna cha kusingizia. Mbuzi yupo. Bati la jikoni linavuja lakini hilo lisubiri.

Ukipata mtandao nipigie. Usianze na "mama mimi mzima". Anza kwa kuniambia kama ulilivaa mpaka nchi kavu, nitajua kwa sauti.

Na sufuria kubwa uliyoondoka nayo ukadhani sikuona, irudishe na kijana huyu huyu. Ndiyo tutakayopikia siku hiyo, na mfuniko wake uwepo.

Mama yako