Mnara wa Bald Mountain

Mwanangu Neema,

Tulipokuwa tunarudi Utica uliniuliza kwa nini nililia kule juu ya mnara, nikakujibu ni upepo. Haukuwa upepo, mama. Sitaki ubaki na jibu lile.

Mimi nimekulia Marangu, chini ya Kilimanjaro, lakini hujawahi kunisikia nikisema nilipanda mlima kujifurahisha. Msituni tulikwenda kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, tukashuka na mzigo kichwani. Ulipong'ang'ania twende Bald Mountain, huku huku jimbo la New York, nilikubali kwa ajili yako tu. Kilomita moja na nusu, nikasema, si kitu. Kumbe mgongo wa mlima ule ni mwamba mtupu, na mvua ya usiku ilikuwa imeulowanisha. Ukatangulia, unanionyesha pa kukanyaga: "Hapa, mama. Hapo panateleza." Chini yetu maziwa ya Fulton yamefuatana moja nyuma ya jingine, na miti yote myekundu.

Habari za mnara ule wa kileleni nilizisoma nilipotoka zamu. Ni wa chuma, wa mwaka 1917, urefu wake kama mita 11. Mwaka 1903 na tena 1908 misitu ya milima hii ya Adirondack iliungua vibaya sana. Wakata magogo walikuwa wameacha matawi yamelala chini, ukame ukayakausha, na treni za mvuke zikawa zinapita zikitema cheche. Kuanzia 1909 jimbo likaweka walinzi wa moto vileleni. Kazi ya mlinzi ilikuwa kutazama, basi. Kutwa nzima yumo kwenye kibanda kile chenye madirisha pande zote, ramani ya duara iko mezani na juu yake kifaa cha kulengea. Akiona moshi analenga, anasoma nyuzi za pembe, anapiga simu. Mlinzi wa mlima mwingine naye analenga kutoka kwake. Mistari miwili ikikutana kwenye ramani, moto uko hapo. Baadaye ndege zikaichukua kazi hiyo, na mwaka 1990 walinzi wa mwisho wakashuka.

Haya yote sikuyajua nilipokuwa nakwea ngazi zile nimeshika chuma kwa mikono miwili. Lakini nilipotokeza kibandani na kuona madirisha yale, nilimwona babu yako.

Kila asubuhi, kabla ya chai, babu yako alikuwa anatoka hadi mwisho wa migomba na kuutazama mlima. Nilidhani anaangalia kama mawingu yameufungua. Oktoba 2020 akanipigia, huku kwetu ni usiku, akasema, "Mlima unaungua." Moto ulikuwa umeshika kwenye njia ya Marangu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Watu walipanda kwenda kuuzima, wanakijiji na wanafunzi wa chuo cha Mweka, wengine wana matawi mabichi tu mkononi. Babu yako miguu ilikuwa imeshakataa. Akaketi nje siku zote zile na shuka begani, anaangalia moshi unaelekea wapi, anawapigia jamaa walioko juu kuwaambia.

Nami nilimpigia kila siku kumgombeza. "Baba, baridi hiyo, ingia ndani ulale. Kukaa hapo unasaidia nini?" Nilisema hivyo mara nyingi, mwanangu, na kwa ukali. Sikujua kwamba mzee alikuwa kazini. Alifariki mwaka uliofuata, sikuweza kwenda kumzika, na neno hilo sikupata kulirudisha.

Ndicho kilichoniliza. Uliponishika mkono ukaniuliza kama ninaogopa kimo, ulifanya vizuri, ahsante. Jumamosi nyingine nisipokuwa na zamu, twende tena.

Ile picha uliyonipiga dirishani nimemtumia bibi yako. Hakuuliza habari za maziwa wala za majani mekundu. Aliuliza kama mbali kule kulionekana moshi wowote. Nimemjibu hakukuwa na moshi, kulikuwa kweupe.

Mama yako