Shoga, Orodha Yako Haina Maji

Unguja, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalam alaykum. Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, mistari yote aliyotukaririsha mwalimu wa Kiswahili nimeimaliza, sasa tuzungumze. Bi Mkubwa anakusalimu sana. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna maradhi. Hamadi kaoa. Ndiyo, yule yule. Hilo tutaliongea ukija, halifai kukaa kwenye karatasi.

Orodha yako nimeipata. Mahali kumi na moja pa kupiga picha kwa siku nne! Niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Bi Mkubwa kwa sauti, akacheka mpaka akashika goti. Si kwamba umechagua vibaya. Nungwi, Kendwa, Paje, mwamba wa Pingwe, fungu la Nakupenda, mikoko ya Jozani, magofu ya Maruhubi, milango ya Mji Mkongwe, hamna hata pamoja pa kukata. Ila umeandika "asubuhi" na "jioni" basi, kama unakwenda kupiga picha mlima. Mlima unakungoja, mwenzangu. Huku mahali pamoja ni mahali pawili, pa maji kujaa na pa maji kupwa, na ukikosa saa yake unarudi Dar na picha za matope.

Nami nina langu. Nina jambo la kukuomba na limenikaa kooni tangu Alhamisi, lakini acha kwanza nimalize la maji, maana nikianza lile jingine hili sitalirudia.

Tarehe zako nimezihesabu kwa mwezi wa mbinguni. Siku utakayoshuka boti mwezi utakuwa wa siku nane. Hayo ni maji mafu. Bahari haijai ikajaa wala haipwi ikapwa, inacheza cheza katikati tu kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Mwani hautouona vizuri, fungu la Nakupenda utalikuta kipande, na jioni pale Pingwe ule mwamba hautozungukwa na maji kama unavyoota.

Sogeza safari siku tano. Nakuomba. Uje mwezi ukiwa wa siku kumi na tatu uondoke kumi na sita, hapo ni bamvua. Bamvua kwetu Unguja lina tabia yake: maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, kila siku yakichelewa kidogo kuliko jana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika mita nne. Mita nne, shoga, ni nyumba ya chini pamoja na paa lake. Sasa chukua orodha yako uipange upya juu ya hizo saa mbili utaona inajipanga yenyewe.

Nakupenda uende ya kupwa, ufike mapema kabla ya saa nne, maana mashua za wageni zikishafika utapiga picha ya miamvuli. Mchanga unatoka katikati ya bahari, mweupe, kisha mchana unazama tena kana kwamba haukuwepo. Pingwe uende ya kujaa. Saa kumi jua liko nyuma yako upande wa bara, mwamba na ule mkahawa juu yake umepata mwanga wa usoni, na watu wanavushwa kwa kidau. Ukienda asubuhi wanavuka kwa miguu, na unachokipata ni jiwe limesimama kwenye majani ya kijani. Jozani kwenye mikoko napo uende maji yakiwa juu, mizizi inajiona kwenye maji. Yakipwa ni tope na kaa (ingawa kaa wenyewe wana uso wa picha, sikatai). Kima punju hawana habari na bahari, utawakuta kutwa. Hawapatikani kiasili popote duniani ila Unguja na wanajua hivyo, wana kiburi cha watoto wa mjini. Usiwasogelee hata wakikusogelea wao.

Kendwa peke yake ndiko unakoweza kwenda bila kuuliza, kule maji hayaendi mbali na jua linatua baharini. Nungwi usiishie pwani ya mahoteli. Panda gari ya 116, uliza wanakotengeneza vyombo vya baharini, ukae uangalie wazee wanavyokalafati, wanaziba nafasi za mbao kwa pamba na nyundo. Omba kwanza. Nitarudi kwenye hilo la kuomba.

Mjini mimi ningekupa siku moja na nusu na nisingekupa ramani. Vichochoro ni vyembamba, jua linaingia mchana tu kama kamba, na mwaka huu unakuja Oktoba, adhuhuri jua linakupita juu ya utosi hata kivuli chako hukioni. Saa hiyo wapiga picha wengi wanalala. Wewe usilale, ingia vichochoroni, milango utaikuta kwenye kivuli kizuri na ile misumari ya shaba inashika mwanga kutoka ukuta wa pili. Beit el-Ajaib, lile jumba la maajabu, usiitegemee kwa ile picha ya kadi ya posta. Upande wake wa mbele uliporomoka Disemba 2020 na mimi mpaka leo nikipita pale nageuza uso. Sultani Barghash aliijenga 1883, kasri yake ya Maruhubi ikaungua 1899, na nguzo zilizobaki Maruhubi nazipenda kuliko majumba mazima, sijui kwa nini. Magharibi ikiingia uwe Forodhani, vijana wanachupa kutoka ukutani. Nao ni watu wa maji, maji yakiwa kidogo hawachupi.

Droni uliyosema umeazima, tafuta kibali kabla hujavuka. Si baada ya kukamatwa.

Sasa la kwangu.

Alhamisi nilipanda gari ya 309 kwenda Jambiani kwenye msiba. Gari imejaa, nikabanwa na mama mmoja amepakata ndoo, kanga usoni. Tulipofika karibu na Jozani akaniangalia akasema, "Wewe si mwenye kamera?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwenzio." Shoga, alikuwa yeye! Yule mama wa mwani!

Unakumbuka tulivyofanya. Wewe ulikuwa na ile lenzi ndefu, tumesimama mbali kwenye mchanga mbichi, yeye ameinama kwenye vigingi vyake anafunga mwani kwenye kamba, na wewe unapiga tu, kacha kacha kacha, na mimi badala ya kukuzuia nakwambia sogea kulia. Akajiinua akasema bila hata kugeuka vizuri, "Mwanangu, mgongo wangu una nini?" Mimi nilitaka bahari inimeze na maji yenyewe yalikuwa ya magoti. Kisha akatucheka, akanawa mikono, akajifunga kanga upya, akasimama wima kama yuko studio, akasema sasa piga. Tukamwahidi picha ya karatasi, ya kushika. Ni mimi niliyeahidi, kwa mdomo wangu.

Mwaka wa pili huu.

Garini hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alinihadithia tu. Jirani yake, mama mwengine wa mwani, alikwenda hoteli moja kuuza sabuni za mwani, akakaa mapokezi anasubiri. Ukutani kuna picha kubwa, ukubwa wa mlango: mgongo wa mwanamke ameinama baharini. Uso hauonekani. Akaitambua kanga yake mwenyewe. Maandishi yamekatwa na ukingo wa picha, imebaki USISAFIRIE NYOTA YA, basi. Ya nani, haijulikani! Alimuuliza kijana wa mapokezi, huyo ni nani? Akajibiwa, "Ni mapambo, mama." Yule jirani akauza sabuni zake akarudi nyumbani. Hakusema kuwa ni yeye.

Mama anahadithia huku anacheka, na mimi nacheka, na tumbo linanikata. Akaniuliza, "Na yangu mimi mmeiweka wapi?" Nikamwambia ipo njiani. Njiani! Kwa miaka miwili! Nilikuwa naangalia vidole vyake juu ya mfuniko wa ndoo, ngozi imekunjamana kwa maji ya chumvi, kidole cha shahada kina alama ya kamba imezunguka kama pete. Wanafunga vile vikamba kimoja kimoja, unajua, kila kishada cha mwani na fundo lake, siku za bamvua tu maana siku nyingine bahari haiwaachii nafasi. Ndiyo maana nakuambia la maji na la picha ni jambo moja. Ukija kwenye maji mafu humpati. Atakuwa kwake, na mimi nyumba siijui, namjua kwa vigingi vyake tu, kaskazini kidogo ya yale mawe.

Kwa hiyo naomba hivi. Tafuta ile picha ya kusimama, usafishe kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu, na uje nayo wewe mwenyewe. Fedha nitakulipa, usianze. Tutakwenda Jambiani kwa 309 siku ile ile utakayofika, tulale huko ili alfajiri tuwe pwani. Jua litatoka baharini usoni petu na ngalawa zitakuwa bado zinaelea. Ikifika saa tatu zitakuwa zimekaa mchangani, mirengu imekunjuka huku na huku, na maji yamekwenda mbali kule kwenye mwamba yanakovunjika mawimbi. Hapo ndipo wanawake wanapoanza kushuka na kamba zao. Tutashuka nao. Kamera iwe begani, picha iwe mkononi, na tukimwona tutamsalimia kwanza. Akitaka kupigwa tena tutapiga, asipotaka tutafunga mwani, mimi nitafunga wewe utakosea.

Jioni yake tusiondoke upesi. Mwezi wa kumi na nne unatoka baharini upande ule ule jua lilikotokea, na jua nyuma yetu halijamalizika kuzama, mchanga unakuwa na rangi mbili. Hiyo nimeiona mara moja nikiwa sina hata simu yenye chaji. Nilikasirika, kisha nikakaa chini nikaangalia.

Lo, karatasi inakwisha. Bi Mkubwa anauliza hizi kelele za kalamu ni za nini usiku huu.

Niambie basi: kazini watakubali usogeze likizo, au yule bosi wako bado ana mambo yake? Ile diski ya picha za mwaka ule bado ipo, haikuingia na kamera kwenye wizi wa Kariakoo? Una uhakika ile ya kusimama hukuifuta? Maana ulikunja uso ulipoitazama, ukasema haina uhai, ile ya mgongo ndiyo nzuri. Na ile ya mgongo, shoga, uliifanya nini? Ulimpa mtu? Uliiuza? Nijibu hili kwanza kabla ya mengine, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja.

Na Zuwena anakuja pia au mmenuniana tena?

Shoga yako wa siku zote.

Nimesahau: ukiipeleka kusafishwa waambie wasiikate kwa chini. Anataka maandishi ya kanga yasomeke yote.